Fundi Aliyeandika Maji Taka

Alikuwa hawezi kupita karibu na tangi bila kuligonga. Tangi lolote lile: la kambi, la misheni, hata pipa langu la maji ya mvua lililokaa nyuma ya jiko pale Karatu. Aligonga kwa kiungo cha kidole, juu, katikati, chini, kichwa amekiinamisha, kisha akasema "Nusu," au "Hili lina tope," na kuendelea na safari yake. Mara nyingi alikuwa sahihi. Alipokosea alikosea vibaya, na ukimwambia alinuna na kudai kwamba maji yalipungua baada ya yeye kuondoka.

Tulimwita Fundi. Mafundi wengine mjini walikuwa na nyongeza, fundi redio, fundi viatu, yeye alikuwa Fundi tu. Nilimjua kwanza nikiwa mpishi wa kambi ya wageni kule juu, ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, halafu nikiwa jirani yake mjini nilipofungua hoteli yangu ya chai na makande. Nimemsengenya sana mtu yule. Hata sasa, nikiwa peke yangu jikoni, huwa nasikia kidole chake kwenye lile pipa, na pipa lenyewe nilishaliuza zamani. Nimeacha kwenda kuchungulia.

Kambi ilikuwa na karavani tatu. Kwa asiyewahi kuziona, ni vijumba vya bati vyenye magurudumu, vya kukokotwa na gari, na ndani mna kitanda, sinki, jiko la gesi na kijichumba cha kuogea ambamo mtu mnene hawezi kugeuka. Wazungu fulani wa utafiti walizitumia wakaziacha, na meneja wetu akazifanya vyumba vya wageni. Chini ya sakafu kila karavani ilibeba matangi mawili. Moja lilikuwa la maji safi, la pili lilipokea yote yaliyoshuka kutoka kwenye sinki na bafu. Hilo la pili ndilo lililokuwa linatutesa. Linajaa, linanuka, linakataa kumwaga, au linamwagika lenyewe chini ya kitanda cha mgeni aliyetoka Ulaya kuja kuangalia faru.

"Kwanza hewa, Mama Rehema," ndivyo alivyonijibu kila nilipomwita kumwambia sinki limegoma. Wengine wangeanza kuchokonoa bomba kwa waya. Yeye alipanda juu ya paa kutafuta bomba jembamba la kupumulia, kwa sababu, alisema, maji hayawezi kushuka mahali ambapo hewa haiwezi kupanda. Mara moja alitoa humo kiota kizima cha nyigu, akateremka na uso umevimba upande mmoja, na sinki likamwaga vizuri hadi msimu ukaisha. Alijisifu kwa uvimbe ule wiki nzima. Alikuwa anawaonyesha watu shavu kabla hajawasalimia.

Harufu alikuwa na nadharia yake nayo. Chini ya kila sinki kuna kona ya bomba inayobakiza maji kidogo, na maji hayo ndiyo yanayoziba mdomo wa tangi ili uvundo usipande. Karavani ikikaa bila mgeni, kona inakauka. Kwa hiyo alizunguka kila Jumatatu na kikombe, akamimina maji kidogo kwenye kila tundu, hata yale ya karavani zisizotumika, na ukimcheka anakuuliza wewe ukikaa wiki bila kunywa maji kinywa chako kitanukaje. Lakini kuna siku alifungua sinki lote, akavua mabomba yote akayapanga kwenye nyasi, akatukana watengenezaji kwa Kinyiramba, na kumbe harufu ilikuwa nyama ya mbuzi ambayo mgeni aliinunua Karatu akaisahau chini ya kitanda. Mimi ndiye niliyeiona. Hakunisemesha siku hiyo wala ya pili yake.

Taa za karavani hakuziamini hata kidogo. Ukutani kulikuwa na kitaa cha kuonyesha tangi limejaa, lakini mafuta ya vyombo yakishika ndani, kitaa hubaki chekundu hata tangi likiwa tupu. Wageni waliona taa, wakaogopa kuoga. Fundi alijipenyeza mvunguni akagonga, akatoka na majani mgongoni, akatangaza kwamba taa inasema uongo na yeye hasemi. Shati lake jeupe alilivua kwanza akaliangika kwenye kioo cha gari. Nilimwona akiingiza mkono mzima, hadi kwapani, ndani ya tangi la uchafu wa watu wengine, kisha akasugua mkono huo kwa sabuni ya dawa, akavaa shati, akachana nywele, na akawa anaonekana kama karani wa benki.

Sasa mtu huyo huyo, tulipokuwa majirani mjini, hakuwahi kunywa maji nyumbani kwangu.

Hilo liliniuma. Mimi ni mpishi, watu wa kila namna wamekula mikononi mwangu wakaondoka wazima. Nikimpa maji ya kunywa, anayashika, anayanusa, anayainua kwenye mwanga, halafu anayarudisha mezani taratibu na kuomba chai. Chai yenyewe lazima aione ikichemka. Nilimwambia waziwazi, "Fundi, kama unadhani nakuroga, sema." Alicheka, lakini kikombe hakukigusa. Watoto wakija kuchota kwenye bomba la mtaa na kuinamisha midomo wanywe, alikuwa anawafukuza kwa ukali hadi mama zao wakamchukia.

Misiba nayo. Akifa mtu mzima, Fundi alikuwa wa kwanza kufika, anabeba mabenchi, anachekesha waombolezaji mpaka wazee wanamkemea. Akifa mtoto, haingii. Anasimama barabarani, kofia mkononi, mbali, na jeneza likipita anageuka upande wa mashamba. Mtoto wa dada yangu alipofariki kwa surua, nilimwona amesimama pale kwenye vumbi jekundu, nikamtumia mtu aje angalau anywe chai. Alikataa. Niliapa sitamsemesha tena, na nilishindwa siku ya tatu kwa sababu bomba langu lilipasuka.

Kulikuwa pia na jambo la dole gumba. Fundi alikuja kutoka Singida akiwa kibarua wa shamba la kahawa, na kusoma alijifunza ukubwani, katika darasa la ngumbaru, jioni, kwenye ghala la kahawa. Tulipokuwa kambini aliandika kila mahali. Nyundo yake iliandikwa NYUNDO. Boksi lake la spana liliandikwa SI YAKO. Alikuwa anasoma kwa sauti maandishi ya magunia ya mbolea mpaka watu wanakimbia. Halafu mjini nikaona ofisi ya kata ikigawa unga, na Fundi anasimama kwenye foleni, anachovya dole gumba kwenye wino kama bibi kizee asiyejua hata O. Nilimuuliza kulikoni, akasema macho yamechoka. Jioni ile ile nilimwona anatunga uzi kwenye sindano bila kukodoa.

Na siku za mnada alipotea kazini. Mnada wa Karatu huleta watu kutoka mbali, wakulima wa Rhotia na Baray, na wafugaji kutoka Arash na kule kote Loliondo wakiwa na ng'ombe wao. Fundi alipita kwa wafugaji tu. Hanunui ng'ombe, hanunui ngozi, anauliza. Alikuwa anamtafuta mama fulani wa Kimasai, mwenye binti aliyewahi kusoma shule moja ya kule ukingoni, waliohama mwaka wa kiangazi kibaya. Vijana wakamtania kwamba anatafuta mke wa pili wa kumkamulia maziwa. Mkewe mwenyewe alitania hivyo hivyo, ila hakuwa anacheka.

Sababu ya yote haya niliijua kupitia kibao cha hoteli yangu. Nilitaka kiandikwe vizuri, HOTELI, CHAI, MAKANDE, na nilikuwa na rangi, na Fundi nilimjua mwandiko wake. Alikuja kuziba bomba, mvua ikamzuia, tukawa wawili tu kwenye meza ya mlangoni. Nikamwekea kibao mbele na brashi juu yake. Aliitazama brashi ile, mikono akaiweka chini ya meza.

"Mpe mtu mwingine, Mama Rehema."

"Mtu mwingine yupi? Kila mtu mji huu anaandika kama kuku."

"Mimi siandiki tena kitu cha watu kusoma."

Nilidhani ni maringo, nikamfokea. Ndipo akaniambia, akiangalia mvua.

Katika karavani ya mwisho, ile ya upande wa msitu, kifungulio cha chini cha tangi la uchafu kilivunjika. Kifungulio cha namna ile kilikuwa hakipatikani. Zamani vipuri vilitoka Nairobi, na mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa, na Arusha yenyewe madukani kulikuwa na chumvi na kiberiti. Fundi akafanya alichofanya kila mtu miaka ile, akafunga alichonacho. Alifunga koki ya kawaida ya bustani, ya shaba, ile ile ambayo mtu huikuta nje ya nyumba akanywea maji. Meneja aliiona akaogopa mgeni atachanganya, akamwambia andika. Waandikie Kiswahili, alisema, siku hizi ni Kiswahili. Na Fundi alifurahi sana. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuandika kitu kwa ajili ya watu. Alitaka kuandika MAJI MACHAFU, lakini bati lilikuwa na kipande kifupi kati ya koki na gurudumu, neno lisingeenea, na pia aliona "machafu" ni neno la kuaibisha mbele ya wageni. Akaandika kwa rangi nyekundu, herufi kubwa, zilizonyooka: MAJI TAKA.

Niliyakumbuka maandishi yale. Niliyapita kila siku na sufuria zangu.

Kiangazi kile majani yalikwisha, na vijito vya msituni vikabaki matope. Karavani ile ilikuwa haina mgeni na ilikuwa inanuka, basi Fundi akafanya dawa yake. Alimwaga uchafu wote, akasuuza, akajaza tangi maji pomoni pamoja na dawa ya kuua harufu ya kwenye chupa ya wazungu, akaacha iloweke mpaka kesho yake. Hiyo ndiyo njia yake, na ni njia nzuri. Maji yanayotoka humo baada ya kusuuza yanaonekana meupe, yana harufu kidogo ya sabuni. Kisha akashuka Karatu kutafuta mpira wa bomba.

Mchana ule akaja mama na punda wake, mtoto mchanga mgongoni, na binti yake mwenye sare ya shule. Askari wa lango, Mmasai mwenzao, aliwaona wamesimama kwenye ile karavani. Binti alikuwa anafuata herufi kwa kidole. Alikuwa darasa la pili au la tatu, Kiswahili anakisikia shuleni tu, na shuleni neno "taka" alilijua kwa namna moja, ile ya mtoto anayenyoosha mkono na kumwambia mwalimu "nataka maji." Askari alimsikia akimgeukia mama yake na kumwambia kwa Kimasai kwamba wameandika maji, ukitaka. Askari akaona basi, wazungu wameruhusu, akarudi kwenye kivuli chake. Mama akajaza madebe.

"Na mtoto?" niliuliza.

"Askari aliniambia baadaye. Kama wiki ilipita. Yule mdogo alikufa, wakahama na ng'ombe kuelekea Arash."

"Mwaka ule watoto walikufa wengi, Fundi. Kwa kuhara. Kwa njaa."

"Najua."

"Zahanati walisema nini?"

"Kuhara." Alisugua uso wake. "Labda ni kweli. Labda ni kuhara tu kama wengine. Mimi sijui, na hilo ndilo linaloniua, kwamba sijui. Kila nikilala naliandika upya. Ningeandika TAKATAKA, binti angejua. Neno hilo wanafundishwa, okota takataka. Nafasi ilikuwepo, Mama Rehema. Nimepima kichwani. TAKATAKA ingeenea."

Nilinyanyuka nikachemsha maji mbele yake nikamtengenezea chai. Nilimuuliza akimpata huyo mama atafanya nini. Akasema atamwambia. Atasimama mbele yake aseme ni mimi niliyeandika, na mama aseme lolote, amlaani kama anataka, apigwe faini ya ng'ombe, lakini ajue. Hakutaka kufa akiwa ndiye peke yake anayejua. Kibao changu kiliandikwa na mwalimu mmoja wa Rhotia, na akakosea "makande."

Miaka ilikwenda. Mpaka wa Kenya ulishafunguliwa, karavani zile zikauzwa chuma chakavu, na Fundi akaanza kukohoa na kupungua. Siku ya mnada mmoja, karibu adhuhuri, yule askari wa zamani aliingia hotelini kwangu amejawa na furaha, na nyuma yake mama wa makamo mwenye shanga nzito masikioni na msichana mrefu aliyevaa sketi ya shule ya sekondari.

"Fundi yuko wapi? Mwambieni nimemletea mtu wake."

Nilimtuma mtu. Fundi alikuja na shati jeupe, nadhani alikimbia nyumbani kwanza kubadilisha. Alisimama mbele ya meza yao. Mama hakujua Kiswahili zaidi ya salamu na bei, hivyo msichana ndiye aliyekuwa wa kutafsiri. Askari alikuwa ameshatoka kuangalia ng'ombe wake. Mimi nilibaki kaunta, na miaka ya kule ukingoni ilinifundisha Kimasai cha kuombea maziwa na kufukuza mbuzi, basi nilifuata.

"Takwenya, yeyo," Fundi alisalimia.

"Iko," mama alijibu.

Halafu akasema yote, kwa Kiswahili. Hakuficha kitu. Alisema koki niliifunga mimi, dawa niliweka mimi, maandishi niliandika mimi, na mwanao mdogo labda alikufa kwa mkono wangu, na nimekutafuta miaka yote nikuambie. Alizungumza kwa muda mrefu. Msichana alikuwa anamtazama mdomoni. Alipofika kwenye maneno yale mawili, maji taka, niliona mkono wa msichana unashika ukingo wa meza.

Akamaliza. Mama akamgusa bintiye bega, kumuuliza mzee anasema nini.

Msichana alimjibu kwa Kimasai, kwa ufupi sana, kwamba huyu ni mzee aliyekuwa akiangalia maji kule kambini, mwaka wa kiangazi.

Uso wa mama ukafunguka. "Ashe," alisema, "ashe oleng," asante sana, na akaongeza maneno mengi kwa haraka, akimwangalia Fundi usoni.

"Amesema nini?" Fundi aliuliza. "Mbona maneno yangu yamekuwa machache hivyo?"

Msichana hakumtazama mama yake. Aliongea Kiswahili kilichonyooka, cha darasani, kwa sauti ya kawaida kabisa ili mama asishtuke.

"Mzee, mama hajui. Aliambiwa ni homa ya kuhara, na ameshaizika. Mimi ndiye niliyesoma. Nilijua nilipofika darasa la tano, mwalimu alipoandika neno hilo ubaoni. Sijamwambia, na sitamwambia. Na wewe nakuomba usimwambie."

Fundi alifungua mdomo. Nilidhani atabisha, kwa sababu alikuwa mbishi maisha yake yote. Alimtazama yule msichana, na mimi nikamwona anatambua kwamba hakuwahi kuwa peke yake, na kwamba mwenzake alikuwa mtoto.

"Ulikuwa mdogo," alisema. "Uliyasoma vizuri. Neno ndilo nililoliandika vibaya."

"Ndiyo, mzee," msichana alisema, na machozi yakamshuka.

Mama akauliza kwa nini analia. Msichana akasema moshi wa jikoni. Mimi nikafunga mlango wa jiko kwa kishindo, kama kweli kulikuwa na moshi.

"Sasa niambie alichosema," Fundi alisema. "Chote."

Msichana alijifuta uso kwa kiganja. "Anasema mwaka ule watu wengi walitufukuza kwenye maji yao. Nyie hamkutufukuza. Anasema maji yenu yalikuwa mazuri, na hajasahau. Anataka kukubariki."

Mama alikuwa ameshasimama. Aliishika mikono ya Fundi, akaigeuza viganja juu, akatema mate ya baraka ndani yake, mara moja na tena, kama wanavyombariki mtu aliyewatendea wema, huku akimwombea maisha marefu na watoto. Fundi aliiacha mikono yote miwili mikononi mwake na hakuirudisha nyuma.

"Mwambie nimepokea," alisema.

Neno hilo msichana alilitafsiri lilivyo.